Paka Zizini kwa Farasi wa Mbio: Yupi Aende, Yupi Abaki Nyumbani

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina paka wawili nyumbani Lang'ata. Jike ana miaka sita na hajawahi kulala nje hata usiku mmoja. Dume ni shume wa miaka miwili aliyejileta mwenyewe. Hashikiki kirahisi, lakini panya wa mtaa mzima wanamjua. Mimi ni mpenzi wa mbio za farasi tangu utotoni, Jumapili ya mbio pale Ngong hainikuti nyumbani, na mwaka huu tumechanga watu wanne tukanunua farasi jike wa miaka minne. Zizi anakotunzwa limejaa panya. Mkufunzi ananiambia nipeleke paka wote wawili. Je, watakuwa salama? Na wanaweza kumharibia farasi wetu mbio zake?

JIBU: Marahaba, dada. Jike abaki nyumbani. Shume anaweza kwenda, ila si wiki hii, si peke yake, na kabla hajakanyaga pale zizini kuna kabati moja lifungwe kwa kufuli.

Nimetaja kabati kabla ya kwato makusudi. Watu wakisikia paka na farasi pamoja huwaza teke. Teke lipo, na farasi wa mbio mwenye kilo 450 hadi 500 akimkanyaga paka hamwachi mzima. Lakini paka mzima mwenye akili zake huisoma miguu ya farasi kwa siku chache. Wanaokanyagwa ni watoto wa paka, paka wazee wasiosikia vizuri, na wale waliozoea kujizika ndani ya malalo ya farasi. Kinachowamaliza wengi zaidi ni dawa, maana zizi la mbio ni duka la dawa lisilo na mlango: sindano dirishani, bomba la dawa ya minyoo juu ya ndoo, chupa ya dawa ya nzi inayovuja kando ya matandiko.

Anza na hiyo dawa ya nzi na kupe. Nyingi zina permethrini, saipermethrini au deltamethrini. Farasi hupuliziwa kila siku bila tatizo. Ini la paka halina uwezo wa kuzivunja dawa za jamii hii kwa kasi, kwa hiyo hubaki mwilini na kuvuruga mishipa ya fahamu. Zile za matone za mbwa, zenye permethrini 45% au zaidi, ni mbaya kupita zote: mililita 1 tu juu ya ngozi inaweza kumuua paka wa kilo 4 na nusu. Dawa ya kupulizia farasi huwa nyepesi kuliko hiyo, lakini ile ya kuchanganya na maji au ya kumwaga mgongoni mwa ng'ombe, ambayo mazizi mengi huitumia kwa sababu ni rahisi kwa bei, inakuja ikiwa kali. Paka hahitaji kupakwa. Inatosha alale juu ya blanketi la farasi lililolowa, kisha ajilambe.

Dalili huanza ndani ya saa chache: masikio yanachezacheza, ngozi ya mgongo inaruka, anatetemeka, anatoa udenda, halafu degedege. Muogesheni mara moja kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe, mfunge taulo, na muondoke naye kwenda kwa daktari wa mifugo huku mmebeba chupa yenyewe. Maji ya moto yasitumike, kwa sababu yanafungua mishipa ya ngozi na dawa inaingia kwa kasi zaidi. Msimpe maziwa wala mafuta. Aliyefikishwa mapema hupona mara nyingi, ingawa kutetemeka kunaweza kuendelea siku mbili tatu.

Dawa ya minyoo inafuata. Bomba la kawaida la aivamektini ya farasi lina nguvu ya 1.87%, yaani kila gramu ya ute ule ina miligramu 18.7. Farasi anapewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Sasa hesabu: farasi akitema gramu moja sakafuni, na paka wa kilo 4 akailamba kwa sababu ina ladha ya tufaha, amepata karibu miligramu 4.7 kwa kilo, zaidi ya mara ishirini ya kipimo cha farasi. Atayumba, mboni zitapanuka, anaweza kupofuka kwa muda au kuzimia. Siku ya kutoa minyoo, paka wafungiwe, saisi afute kila tone kwa karatasi, na mabomba matupu yaondoke siku hiyohiyo.

Byuti, ile fenilibutazoni ya kutuliza maumivu ya miguu, hukaa zizini kwa pakiti za unga wa gramu 1. Unga ukimwagika juu ya kopo la chakula cha paka, figo na utumbo wake viko hatarini. Na kuna dawa isiyo ya farasi kabisa: parasetamoli iliyomo mfukoni mwa saisi mwenye kichwa kinachouma. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Ufizi unageuka rangi ya kahawia au buluu, uso na nyayo zinavimba, anahema. Huwa anapewa kwa huruma, paka akionekana ana homa. Waambieni wote zizini, kwa maneno wazi.

Basi kabati liwe na kufuli, ufunguo uwe kwa mtu mmoja, na kila kitu cha kupulizia kiwe ndani yake au kwenye rafu yenye mlango. Nikiwa hapohapo: kama zizi linatumia dawa ya kupe yenye amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe, iondolewe. Paka haimfai, na farasi ndiyo haimfai zaidi, kwani inasimamisha utumbo wake na kumletea msokoto wa tumbo wa kuziba. Zizi linalomiliki chupa hiyo lina tatizo kubwa kuliko panya.

Sumu ya panya iondoke kabla paka hajaja, na kuondoka maana yake kila kipande kilichofichwa juu ya dari na nyuma ya magunia kitafutwe na kuhesabiwa. Zile za kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu na bromadioloni, hazimuui panya papo hapo. Humchukua siku kadhaa, na katika siku hizo anatembea polepole, mchana kweupe, akiwa mawindo rahisi kuliko yote. Paka aliyemla haonyeshi kitu mara moja. Siku ya tatu au ya tano ndipo ufizi unapauka, anapumua kwa shida, anavilia damu chini ya ngozi. Tiba ni vitamini K1, na si ya siku tatu: ni wiki tatu hadi nne au zaidi, kisha damu ipimwe kama inaganda saa 48 baada ya kuacha. Wenye zizi wachague kimoja, sumu au paka. Kuwa na vyote viwili ni kumlisha paka sumu kwa mzunguko.

Sasa upande wa farasi, ambao najua ndio unaowanyima usingizi nyinyi wanne mliochanga.

Paka mwenyewe hamfanyi farasi akose mbio. Kuna historia ndefu ya urafiki huu. Godolphin Arabian, mmoja wa madume watatu ambao farasi wote wa mbio wa damu safi wanawafuatia ukoo, aliyekufa Uingereza mwaka 1753, anasimuliwa kuwa na paka wake zizini aliyeitwa Grimalkin, na picha za kale humchora akiwa na paka huyo. Farasi ni mnyama wa kundi. Wa mbio hukaa peke yake chumbani karibu siku nzima, hivyo kiumbe kinachokuja kila usiku na kulala dirishani kinaweza kumtuliza. Si kila farasi, lakini. Wengine wanalaza masikio nyuma wakimwona paka, na huyo apewe haki yake.

Kinachoweza kumharibia ni dawa ya paka. Sheria za mbio karibu kila nchi zinamwajibisha mkufunzi kwa chochote kitakachopatikana ndani ya farasi, hata awe hajui kiliingiaje. Chukua mfano wa meloksikamu, dawa ya maji ambayo paka hupewa baada ya kuhasiwa au akiumwa viungo. Farasi pia hutibiwa kwa dawa hiyohiyo, ndiyo maana maabara huitafuta. Paka wa kilo 4 hupewa kama miligramu 0.2 kwa siku, wakati farasi wa kilo 450 anapotibiwa hupata miligramu 270. Kiasi cha paka hakiwezi kumsukuma farasi hata hatua moja, lakini maabara haipimi kama kilimsaidia, inatafuta kama kipo. Mkono uliompa paka dawa, ukachota nafaka bila kunawa, ukashika lijamu, ndio njia. Njia nyingine ni paka aliye kwenye matibabu kukojoa juu ya nyasi kavu ambazo farasi atakula usiku.

Kwa hiyo paka anayetumia dawa yoyote ya kumeza au ya kupaka sikioni asikae zizini. Atibiwe nyumbani, arudi dozi ikiisha. Na wewe, ukishampa jike wako dawa asubuhi, nawa kwa sabuni na ubadilishe nguo kabla ya kwenda kumlisha farasi karoti. Utaratibu huohuo unahusu kahawa, chai na chokoleti: kafeini na theobromini vinapimwa, na theobromini ina kiwango chake cha kimataifa, mikrogramu 2 kwa mililita ya mkojo. Kikombe cha saisi kisiwekwe juu ya pipa la chakula cha farasi. (Saisi kukojoa ndani ya chumba cha farasi ni mwiko kwa sababu hiyohiyo. Akiwa anatumia dawa ya maumivu, inashuka kwenye malalo, na farasi huyala.)

La pili ni choa. Kuvu aitwaye Microsporum canis hukaa kwenye manyoya ya paka, mara nyingine bila kidonda chochote kinachoonekana, na humhamia mtu na farasi. Kwa farasi wa mbio pahali pabaya ni chini ya mkanda wa tandiko: ngozi inatoka mabaka ya duara, inachubuka, tandiko halifungiki, na mazoezi yanasimama. Halafu linasambaa kwa brashi na mikanda hadi kwa farasi wengine, na hapo hamtalaumiwa kwa siri. Kabla ya kumpeleka shume, daktari amwangalie kwa taa ya miale ya urujuanimno gizani. Kuvu huyu mara nyingi hung'aa kijani, ingawa si kila mara, hivyo penye shaka nywele zipelekwe maabara. Paka mwenye choa hutibiwa kwa itrakonazoli ya kunywa pamoja na kuogeshwa dawa ya kuvu. Farasi huoshwa kwa enilkonazoli ya 0.2% mara nne, kila baada ya siku tatu. Sponji na ndoo za mgonjwa zisimguse mwingine.

La tatu linawashangaza wengi. Paka hodari huficha mawindo. Mzoga wa panya uliosahauliwa ndani ya nyasi kavu au uliotumbukia kwenye ndoo ya maji unaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo vibaya sana: misuli inalegea, hamezi, analala chini, hainuki. Ni tukio la nadra, lakini kulizuia ni kazi ya dakika tano. Kila alfajiri saisi apekue nyasi anapozitikisa na achungulie kila ndoo. Marobota yaliyofunguliwa yafunikwe kwa turubai usiku, jambo litakalozuia pia paka kugeuza ghala kuwa choo.

La nne ni mshtuko. Farasi huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso, na paka hupenda kuruka kutoka juu ya boriti. Paka akidondoka mbele ya farasi ambaye mpandaji ndiyo kwanza anamkalia, mtu anaweza kuvunjika mkono. Dawa yake ni ratiba. Farasi wa mbio hutoka mazoezini alfajiri, na paka huchangamka alfajiri na magharibi. Basi paka wapewe chakula cha asubuhi ndani ya chumba cha matandiko dakika kumi kabla ya farasi wa kwanza kutoka, mlango ufungwe, na wafunguliwe kundi la mwisho likisharudi na kuogeshwa. Wiki mbili zikipita watakuja wenyewe na kusubiri mlangoni.

Sasa kwa nini jike asiende. Paka wa miaka sita aliyekulia ndani hana ramani ya nje kichwani mwake. Ukimhamishia zizini atajibana juu ya dari na kugoma kula, na paka aliyegoma kula siku mbili tatu, hasa mnene, anaweza kujaa mafuta kwenye ini na kufa kwa hilo tu. Wengine huanza kukojoa matone yenye damu kwa sababu ya wasiwasi peke yake. Hata akizoea, hatakamata panya. Kuwinda kwa ufanisi paka hufundishwa na mama yake akiwa na wiki chache. Muache kitandani kwako, Jumapili umwekee maji na chakula, na uende mbio zako kwa amani. Kutwa moja peke yake haimdhuru.

Shume ndiye aliyeumbiwa kazi hii, ila apitie hatua.

Mkamate kwa tego la kizimba lenye dagaa ndani yake, lifunikwe kanga mara tu mlango unapofunga, gizani atatulia. Usijaribu kumbeba kwa mikono. Mpeleke akahasiwe. Dume asiyehasiwa atahama zizi akisikia harufu ya jike umbali wa nusu kilomita, atapigana, na vidonda vya kung'atana ndivyo vinavyoambukiza virusi vya ukosefu wa kinga wa paka. Pia uwanja wa Ngong, uliopo hapo tangu 1954, umepakana na msitu, na paka mwitu wa Afrika, Felis lybica, ambaye ndiye mzazi wa paka wote wa nyumbani duniani, huzaana na hawa wa nyumbani bila kujali, na damu yake ya mwitu ikapotea. Akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, achanjwe kichaa cha mbwa pamoja na chanjo ya mafua ya paka na panleukopenia (ugonjwa hatari wa virusi wa paka), atiwe chipu ya utambulisho, apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, na matone ya fipronili ya paka kwa ajili ya viroboto na kupe. Chanjo ya kichaa huhesabiwa kuwa imeshika baada ya siku 21. Hiyo ndiyo sababu ya kusema si wiki hii.

Kichaa cha mbwa usikichukulie juujuu. Kenya bado kipo, paka wa zizini hukutana na mbwa koko na wanyama wa msituni, na paka mwenye kichaa anaweza kumng'ata saisi na farasi usiku mmoja. Farasi naye achanjwe, pamoja na pepopunda ambayo kwake ni ugonjwa wa kufisha kuliko kwa karibu mnyama mwingine yeyote wa kufugwa.

Tafuta na mwenzake. Paka mmoja aliyehamishwa mara nyingi hutoroka. Wawili waliohamia pamoja hukaa. Vituo vya kuokoa wanyama, kama KSPCA, huwa na paka wakubwa wasiofaa kukaa ndani ya fleti lakini wanaofaa sana zizini. Omba aliyehasiwa tayari.

Zizini wafungiwe wiki tatu hadi nne. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanamfungulia siku ya tatu kwa kuwa analia, na shume anaanza safari ya kurudi Lang'ata kwa miguu, akivuka barabara kubwa. Tumia kizimba kikubwa cha mbwa chenye urefu wa mita 1.2 au zaidi, kiwe ndani ya chumba cha matandiko, pande tatu zifunikwe shuka. Ndani weka sanduku la kujificha, beseni la mchanga upande mmoja, maji na chakula upande wa pili. Wiki mbili za kwanza akae humo, akisikia kwato, akinusa farasi, akizoea sauti za masaisi. Wiki mbili zinazofuata apewe chumba kizima, mlango ukiwa umefungwa. Kila mlo utanguliwe na sauti ileile, kwa mfano kugonga kopo la bati mara tatu. Siku ya kumwachia iwe jioni, akiwa na njaa, muda mfupi kabla ya chakula, na kopo ligongwe baada ya nusu saa. Kizimba kibaki wazi mahali pake wiki moja zaidi. Akipotea siku mbili msikate tamaa, na blanketi lake msilifue. Harufu hiyo ndiyo itakayomrudisha.

Mjengeeni rafu iliyo juu mita 1.5 au zaidi kutoka sakafuni katika ghala na katika chumba cha matandiko. Weka pia sanduku la mchanga mkavu mbali na nyasi, lichotwe kila siku. Kila siku ina maana yake: mayai ya toksoplasma (kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni) yanayotoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo kinyesi cha leo kikiondolewa leo hakina madhara hayo. Mwanamke mjamzito asipewe kazi hiyo.

Chakula ni jambo la kubishana na kila mkufunzi, maana wengi wanaamini paka akishiba hawindi. Si kweli. Paka huwinda kwa kuchochewa na mwendo wa panya hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa huondoka kutafuta jalala. Mmoja wa kilo 4 anatosheka na gramu 55 hadi 65 za chakula kikavu cha paka kwa siku, asubuhi na jioni. Kama bajeti ni ya omena, zioshwe mchanga, zichemshwe, na apewe pamoja na supu yake, kwa kuwa taurini, ambayo ikikosekana paka hupofuka na moyo wake kudhoofika, huyeyukia kwenye maji ya kupikia. Omena peke yake kila siku haitoshi. Changanya na maini kidogo, mioyo ya kuku au nyama. Ugali na maziwa ni chakula cha kuonyesha huruma tu. Kwa sababu atakula panya, dawa ya minyoo ya tegu irudiwe angalau kila miezi mitatu, na kwa mwindaji mkubwa kila mwezi.

Uangalie na vitu vidogo. Kamba za plastiki za marobota zikatwe na kutupwa kwenye pipa lenye kifuniko. Paka huzimeza, zikaukunja utumbo kama kanga iliyopitishwa uzi. Ukiona kamba inaning'inia mdomoni au nyuma, usiivute, nenda kwa daktari. Karatasi za gundi za kunasia panya zisitumike. Paka akinasa, pakaza mafuta ya kupikia hadi gundi ilegee, kisha sabuni.

Nirudi kwa panya wenyewe, maana ndio chanzo cha maneno yote haya. Mkufunzi asitarajie paka wawili wamalize panya buku, wale wakubwa wa mitaroni. Buku mzima ana gramu 300 hadi 500 na anang'ata vibaya, na paka wengi humpisha. Watafiti walioweka kamera kwenye kiwanda cha taka huko Brooklyn, New York, na kuchapisha matokeo mwaka 2018, waliona paka wakiua panya wawili tu katika siku 79. Panya walichofanya ni kujificha zaidi. Paka humaliza panya wadogo na watoto wa buku, na harufu yake huwazuia wageni kuhamia. Hiyo ni faida ya kweli, lakini waliokwisha kaa wanaondolewa na njaa na kuziba matundu.

Nafaka na pumba ziingie kwenye mapipa ya chuma ya lita 200 yenye vifuniko vinavyobana. Magunia yasisimame chini: yawekwe juu ya mbao, sentimita 30 kutoka sakafuni na nafasi kama hiyo kutoka ukutani, ili paka apite nyuma yake. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6 na buku la milimita 12, basi ziba kwa saruji au wavu wa chuma wenye macho yasiyozidi milimita 6. Baada ya mlo wa jioni, chombo cha kila farasi kikaguliwe na mabaki yafagiliwe. Punje zinazobaki chini ya farasi ishirini ni karamu ya kijiji kizima cha panya. Mitego ya chuma itegwe ndani ya masanduku yenye tundu ambalo buku anapita lakini mkono wa paka haufiki mtegoni. Mkiyafanya hayo mwezi mmoja kabla paka hawajafika, watakuta kazi wanayoiweza. Na faida si ya chakula tu. Mkojo wa panya hubeba bakteria wa leptospira, ambao kwa farasi huweza kuleta uvimbe wa ndani ya jicho, unaorudiarudia hadi kupofua.

Kuhusu jike aliyebaki nyumbani, naye zizi litamfuata kupitia kwako. Koti ulilomfutia farasi lina dawa ya nzi na huenda lina mbegu za choa, na paka wa ndani hulalia hasa koti lenye harufu ngeni. Livue kwenye gari, liingie kwenye mfuko, lifuliwe peke yake. Buti zibaki nje ya mlango.

Jumapili ya mbio, kabla lori halijamchukua farasi wenu, mtu agonge boneti na achungulie nyuma ya magurudumu na ndani ya malalo. Injini yenye joto na nyasi safi ni kitanda cha paka, na shume aliyeteremshwa uwanjani kati ya watu na vipaza sauti hatagongewa kopo akarudi.